Uzi: Mafuta ya mabua? Ya kumuuliza mheshimiwa kabla hujapiga makofi

Kuna ahadi moja ambayo huku kwetu hairuki msimu wa siasa. Mheshimiwa anapanda juu ya gari, anaangalia mashamba, anauliza watu mbona wanachoma mabua na kutupa magunzi na hiyo yote ni mafuta. Anasema ataleta kiwanda. Vijana watapata kazi, petroli itashuka bei, na Uarabuni watakuja kununua kwetu. Vuvuzela zinalia. Msafara unashuka Kamukuywa kusema yale yale.

Kama kawaida yangu, sitaji mtu wala chama. Pande zote wamesema hii kitu, wengine kwa ilani, wengine kwa matanga. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kemia niliiacha sekondari, lakini nimekulia Kitale na kwetu ni Bungoma, kwa hivyo mabua na miwa nayajua kwa mikono. Na nikisikia hii ahadi, swali linalonijia halihusu sayansi, kwa sababu sayansi ipo. Swali ni: hiyo mnayoita taka sa hii ni ya nani, na kiwanda kikija itakuwa ya nani?

Lakini tuanze na busaa, ndio twende pamoja.

Aliyekulia Bungoma anajua inavyopikwa. Unga wa mahindi unalowekwa, unaachwa siku kadhaa uchache, unakaangwa kwa bati, halafu unatiwa maji na kimera, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa, likasagwa. Siri yote iko kwa kimera. Hamira haili unga, inakula sukari. Sasa punje ya wimbi ikianza kuota, inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake uwe sukari, ili mche upate chakula. Mpishi wa busaa anaikatiza hapo njiani, anachukua vile vimeng'enya na kuvituma vikavunje wanga wa mahindi. Sukari ikipatikana, hamira inaila na kutoa vitu viwili: pombe na gesi ya kaboni dioksidi. Ile povu unayoona juu ya chungu ni hiyo gesi ikitoka. Kilo moja ya glukosi, hata kila kitu kikienda sawa, haitoi zaidi ya gramu 510 hivi za pombe. Nusu iliyobaki inapanda hewani.

Ukichemsha hiyo pombe na kupoza mvuke wake una chang'aa. Ukiendelea kuitoa maji mpaka ibaki kama asilimia 99 na zaidi, una ethanoli ya kuchanganya na petroli. Ni kitu kile kile. Kinachotofautisha ni usafi, maji, na nani amelipa leseni.

Kwa hivyo mtu akikuambia "teknolojia ya kigeni", mwambie akina mama wa Kimilili wameifanya hii kazi kabla hajazaliwa.

Molasi ni rahisi hata kuliko busaa. Ni ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa, na bado una sukari nyingi ndani. Hauhitaji hata kimera. Unaongeza maji, unatia hamira, unangoja. Tani moja ya miwa inatoa kama kilo 35 hadi 40 za molasi, na hizo zinatoa kama lita 9 au 10 za ethanoli.

Mabua ni hadithi nyingine kabisa, na hapa ndipo wanasiasa huchanganya watu, wengine wakijua wanachofanya. Bua nalo limejengwa kwa sukari. Selulosi ni mnyororo wa glukosi kama ulivyo wanga, ila umeunganishwa kwa namna ambayo kimera hakiwezi kuufungua. Ndiyo maana ng'ombe anakula bua akashiba na wewe huwezi: tumboni mwake kuna vijidudu vyenye funguo zake. Halafu hiyo selulosi haiko peke yake. Imefungwa pamoja na hemiselulosi, ambayo sukari yake nyingi hamira ya kawaida haigusi, na lignini, ile inayofanya bua lisimame upepo ukivuma, ambayo hamira haiwezi kuigeuza pombe hata ungoje mwaka. Kwa hivyo kabla hamira haijaguswa lazima mabua yakatwe, yapikwe kwa mvuke wa presha kali, mara nyingi na asidi, kisha yamwagiwe vimeng'enya vya kununua. Kila hatua ina bili yake.

Inawezekana? Ndiyo. Imefanywa, tena na matajiri. Na ndio nataka mjue ilivyoenda.

Mwaka 2007 Marekani ilipitisha sheria kwamba ikifika 2022 nchi iwe inatumia galoni bilioni 16 kwa mwaka za mafuta ya aina hii, yatokanayo na mabua, nyasi na mbao. Ni kama lita bilioni 60. Serikali ikatoa ruzuku, ikatoa dhamana za mikopo, ikalazimisha soko. Kampuni kubwa zikaingia. Iowa ni jimbo la mahindi, Kitale yao tuseme, ila shamba la mtu mmoja huko linaweza kuwa ekari elfu. Kampuni ya POET ikishirikiana na DSM ilifungua kiwanda cha mabua na magunzi mjini Emmetsburg mwaka 2014, kikasimama 2019. Abengoa walifungua chao Kansas mwaka huo huo wa 2014, na 2016 kampuni ilikuwa mahakamani kwa kufilisika. DuPont walifungua cha mji wa Nevada, huko huko Iowa, mwaka 2015. Miaka miwili baadaye wakatangaza wanatoka. Romania, Clariant walimaliza kujenga chao 2021 wakakifunga mwishoni mwa 2023.

Lile lengo la galoni bilioni 16 halikukaribiwa hata kidogo, na sehemu kubwa ya kile kidogo kilichohesabiwa ilikuwa gesi iliyovunwa kwa majaa ya taka. Ethanoli ya mabua ilikuwa tone.

Ngoja nitumie kile cha DuPont kufanya hesabu ya kwetu, kwa sababu mipango yake ilikuwa wazi. Kilipangwa kutoa galoni milioni 30 kwa mwaka, lita milioni 113 hivi, na kwa hilo kilihitaji takriban tani 340,000 za mabua makavu, kutoka kwa wakulima kama 500 walio karibu.

Sasa njoo Trans Nzoia. Chukua ekari nzuri, magunia 20 ya kilo 90. Hiyo ni kilo 1,800 za mahindi, na kwa kawaida mmea wa mahindi una mabua na majani yenye uzito unaokaribiana na wa punje. Tuseme tani 1.8. Huwezi kuchukua yote, udongo utakulilia, kwa hivyo chukua nusu: tani 0.9 kwa ekari. Gawanya tani 340,000 kwa hiyo. Unahitaji ekari kama 378,000 za mahindi ya magunia 20. Kaunti nzima ya Trans Nzoia ni kama kilomita mraba 2,500, yaani ekari 617,000 hivi, ukihesabu msitu wa Mlima Elgon, Saiwa Swamp, Kitale mjini, barabara, makaburi na uwanja wa mheshimiwa wa kutua helikopta. Kiwanda kimoja cha ukubwa wa Iowa kingetaka asilimia 60 ya kaunti iwe mahindi mazuri, na kila mkulima akubali kuuza nusu ya mabua yake. Wakulima wenyewe wasingekuwa 500. Wangekuwa makumi ya maelfu, kila mmoja na ekari zake mbili tatu, na lori ibebe mabua ambayo ni mepesi lakini yanajaza nafasi kama godoro, kwa barabara ya matope ya Novemba.

Mtu atasema, basi tujenge kidogo. Sawa, lakini ugumu uko hapo hapo: mitambo ya kupika mabua kwa presha haishuki bei sawasawa na ukubwa. Kidogo ni ghali zaidi kwa kila lita.

Na mkulima angepata nini? Kwa mipango ile ya DuPont tani moja ingetoa kama lita 330. Ekari yako ya tani 0.9 ingetoa kama lita 300 za ethanoli. Lita ya ethanoli ina nguvu ya kama theluthi mbili ya lita ya petroli, kwa hivyo sema lita 200 za petroli. Si kidogo! Ukisikia hiyo jukwaani utapiga makofi. Lakini hiyo ni baada ya kiwanda, vimeng'enya, lori, benki na faida ya mwenye kiwanda. Kinachorudi kwa mwenye bua ni bei ya bua.

Na bua lina bei tayari. Hii ndiyo sehemu inayonikera kwenye hotuba hizi.

Nenda Trans Nzoia wakati wa mavuno, Oktoba mpaka Desemba, uone kama kuna kinachotupwa. Mahindi yanakatwa, yanasimamishwa shambani mafungu mafungu kama vibanda. Yakishapukuchuliwa, mabua yanabebwa nyumbani, na kuanzia Januari mpaka mvua ya Machi au Aprili ndiyo chakula cha ng'ombe wa maziwa. Yanayobaki shambani yanaliwa hapo hapo, ya jirani yakiwemo, au yanalimiwa ndani ya udongo. Wanaochoma wapo, sikatai, hasa mwenye haraka ya kulima. Lakini magunzi? Magunzi yanapika ugali. Kuna nyumba nyingi huku ambazo kuanzia mavuno mpaka karibu Pasaka hazinunui kuni wala makaa. Hiyo thamani haionekani kwa hesabu ya pato la taifa, na mwenye kuibeba kichwani ni mwanamke, kwa hivyo kwa hotuba inaitwa taka.

Nilimuuliza kukhu wangu kama angeuza mabua yake kwa kiwanda. Akaniuliza, "Na ng'ombe, mjukuu wangu, nimpe hayo mafuta?" Nikamwambia angelipwa pesa anunue nyasi. Akasema, "Nyasi za nani? Si huyo wa nyasi pia ameuza?" Niko mwaka wa tatu chuo kikuu na bado sijasoma maelezo mazuri ya soko la lishe kuliko hayo. Kila mtu akiuza, bei ya lishe inapanda kwa wote, na maziwa yanafuata.

Udongo nao unakula bua. Ukibeba mabua kila mwaka unabeba potasiamu na nitrojeni ambayo ungerudisha. Mnakumbuka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, mpaka serikali ikaleta ya ruzuku, kwanza 3,500, halafu 2,500 mwaka 2023? Foleni za NCPB Kitale mnazikumbuka. Mtu anayekuahidi kununua mabua yako, na kwa mdomo huo huo anakuahidi mbolea nafuu, muulize kama amewahi kuweka hizo ahadi mbili kwa karatasi moja.

Sasa tuteremke Bungoma, kwa sababu upande wa miwa mambo ni tofauti, na ukweli ni kwamba ahadi ya ethanoli huko ina miguu. Hapo swali la "inawezekana?" lilijibiwa zamani.

Wengi wa umri wangu hawajui kwamba Kenya imewahi kuuza petroli yenye pombe. Kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoanzishwa 1978 kule Muhoroni, ilijengwa kutoa lita 60,000 za ethanoli kwa siku kutoka kwa molasi. Kuanzia 1983 hadi 1993 ethanoli yake ilichanganywa na petroli na kuuzwa kwa magari. Miaka kumi. Injini zilienda. Kilichoshindwa ni hesabu ya pesa na siasa: bei ilipangwa na serikali, mikopo ya kujenga kiwanda ilikuwa ya fedha za kigeni na shilingi ikawa inashuka, na pombe hiyo hiyo ikiuzwa nje au kwa watengeneza vinywaji ilileta zaidi kuliko ikichomwa kwa gari. Kampuni bado ipo. Inatengeneza pombe kali na hamira, kwa hivyo pengine mandazi yako ya leo yana mkono wa ule mradi.

Kulikuwa pia na kiwanda cha molasi cha Kisumu, kilichoanza kujengwa miaka ya 1970 kikakwama miaka ya 1980 kabla ya kumalizika, mitambo ikalala pale miaka na miaka. Kila uchaguzi jina lake hutupwa huku na kule kama jiwe. Hiyo sitaingia, lakini ukisikia mzee anakunja uso ukitaja "kiwanda cha ethanoli", ujue anakumbuka nini.

Linganisha na Malawi. Wao walianza kuchanganya ethanoli ya molasi mwaka 1982, mwaka mmoja kabla yetu, na hawakuacha. Sababu moja kubwa ni jiografia: nchi haina bahari, petroli inafika ikiwa imelipa nauli ndefu, kwa hivyo ethanoli ya nyumbani inaweza kushindana nayo. Brazili walianza mpango wao 1975 na leo petroli ya kawaida kule ina zaidi ya robo ya ethanoli. Na Brazili pia ndiyo mahali ambapo ethanoli ya makapi ya miwa imeendelea kutengenezwa na kampuni ya Raízen wakati Iowa wamefunga. Ukifikiria utaona kwa nini: makapi ya miwa yameshaletwa kiwandani na miwa yenyewe. Hakuna wa kuyafuata shamba kwa shamba kwa lori.

Nzoia nayo ina hayo makapi. Karibu kilo 300 kwa kila tani ya miwa, yakiwa bado na unyevu. Lakini hayo ndiyo yanayowasha boila ya kiwanda. Ukiyageuza ethanoli, boila itachoma nini? Kiwanda chenye boila nzuri kinabakisha ziada. Chenye boila kuukuu kinachoma yote na kuongeza kuni juu.

Na msisahau Mumias. Nawaambia hivi kwa sababu wengi wanadhani ethanoli ni dawa ya kufufua kiwanda cha sukari. Mumias walikuwa na mtambo wa umeme wa makapi wa megawati 34 tangu 2009. Walikuwa na kiwanda cha ethanoli kilichofunguliwa 2012, cha lita milioni 22 kwa mwaka. Vyote viwili, vipya. Na Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu wa benki. Ethanoli inatoka kwa molasi, molasi inatoka kwa miwa, na miwa inatoka kwa mkulima ambaye akikaa miaka bila malipo anang'oa miwa na kupanda mahindi. Hakuna kimeng'enya cha kutibu hiyo.

Kwa hivyo Bungoma swali ni la mgao. Mkulima wa miwa analipwa kwa tani. Akishashusha pale kwa mizani, sukari, molasi, makapi, umeme na ethanoli vyote ni vya kiwanda. Kulipwa pia kwa hizi bidhaa za ziada ni dai la miaka mingi la wakulima, na majibu yamekuwa ya kuzungushwa. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa kampuni binafsi kwa miaka 30: Chemelil, SONY, Muhoroni, na Nzoia yetu iliyoenda kwa West Kenya Sugar. Miaka 30. Mimi nitakuwa nimepita hamsini. Mijadala mingi niliyoisikia redioni ilikuwa kuhusu mishahara ya wafanyakazi na madeni ya wakulima, na ni haki, watu walikuwa na njaa. Lakini molasi ya miaka 30 ijayo ni ya nani, hiyo sikusikia wakiiuliza.

Ndiyo maana mheshimiwa akija Bukembe kuahidi ethanoli, kabla ya makofi mwambie atuonyeshe mahali mkulima ameandikwa. Lita tisa au kumi kwa kila tani ya miwa: shilingi ngapi kwake?

Halafu kuna kodi, ambayo hakuna anayeitaja jukwaani. Bei ya petroli mnayosoma EPRA wakitangaza kila katikati ya mwezi si ya mafuta pekee. Ndani kuna VAT, iliyopandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023, tozo ya barabara ya shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, ushuru na mengine. Ukichanganya ethanoli asilimia 10, je, hiyo ethanoli inalipa kodi hizo hizo? Ikilipa, bei ya pampu haishuki. Pengine inapanda, na tanki lenye asilimia 10 ya ethanoli linaenda umbali mfupi kidogo, kama asilimia 3. Isipolipa, Hazina inapoteza pesa ya barabara na itaitafuta kwingine, na mnajua kwingine ni wapi. Anayekuahidi mafuta nafuu ya kienyeji bila kusema kodi atafanyia nini anakuuzia nusu ya sera.

Na ethanoli huvuja. Namaanisha kutoka kwa karatasi. Ya viwandani inatiwa sumu na harufu makusudi ili isinyweke, lakini kuna watu wanaiuza kwa baa hivyo hivyo. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu siku chache, Embu, Kiambu na kwingine. Februari 2024 ilikuwa Kirinyaga, watu 17. Kaunti itakayokaribisha kiwanda cha ethanoli inataka wakaguzi wasionunulika. Najua mnacheka.

Hapa nina kisirani kidogo. Chang'aa ilihalalishwa na sheria ya 2010, mradi ifuate viwango na leseni ambazo mama wa kijijini hawezi kuzifikia. Kwa hivyo bado anakimbizwa na mapipa yake kila Krismasi. Anayechachusha kwa pipa anakamatwa, anayechachusha kwa tanki la chuma anaahidiwa msamaha wa kodi. Sisemi chang'aa ni nzuri, nimezika watu. Nasema tu mnaona nani anaitwa mwekezaji.

Mtaniuliza basi mabua ya Kitale hayana kazi nyingine. Yanayo, na jibu liko kwa kile kiwanda cha DuPont. Kilinunuliwa 2018 na kampuni ya Ujerumani, Verbio, ambayo iliachana na wazo la ethanoli ya mabua na kuanza kuyageuza gesi. Nako ni kuchachusha, ila bila hewa na bila hamira: vijidudu kama vile vya tumbo la ng'ombe vinafanya kazi polepole ndani ya tanki lililofungwa, na kinachotoka ni methani ya kupikia au kuendeshea injini. Hakihitaji usafi wa asilimia 99. Naivasha, shamba la mboga la Gorge Farm lina mtambo wa hivyo wa zaidi ya megawati 2, unakula masalio ya mboga na maua.

Kwa mtu wa Kitale uzuri uko kwa kinachobaki. Ukitengeneza ethanoli ya mabua, bua limeenda. Ukitengeneza gesi, ule uji unaotoka nyuma bado una nitrojeni na potasiamu, unaurudisha shambani. Mabua peke yake ni magumu hata kwa vijidudu hivyo, lazima yakatwekatwe na kuchanganywa na samadi, kwa hivyo anayefaidi kwanza ni mwenye ng'ombe. Haihitaji tani 340,000. Inaweza kuanza na shule moja ya bweni inayopikia wanafunzi 800 kwa kuni, na huku shule za hivyo ziko kila kona. Mitambo ya gesi nayo imekufa mingi vijijini kwa kukosa maji, fundi au mtu wa kubeba samadi kila asubuhi, kwa hivyo hii pia haitakuja kwa kukata utepe. Lakini kama ningekuwa mwakilishi wadi na nina milioni chache, hapo ndipo ningeziweka, na hakuna mtu angeandika jina langu gazetini.

Ndiyo shida. Tangi la gesi nyuma ya jiko la shule halina picha. Kiwanda kina jiwe la msingi, kina helikopta, kina tenda. Nimegundua ahadi za mafuta ya mabua huja zaidi pale ambapo mtu hataki kuongea kuhusu kitu kilicho karibu zaidi, bei ya gunia la mahindi au deni la miwa.

Sasa ya kufanya. Ule mkataba wa Nzoia ni jambo la umma. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata taarifa iliyo kwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Kiswahili kimetajwa kabisa, msikubali mtu awaambie mtafute wakili. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa Wizara ya Kilimo nikiuliza mambo matatu: molasi na makapi ya Nzoia ni ya nani kwa hiyo miaka 30, kama kuna mpango wa ethanoli, na kama mkulima ana fungu lake ndani. Naipeleka Jumatatu. Anayetaka nakala aweke jina lake na la kijiji chake aniambie nimtumie, na wa Chemelil, Muhoroni na SONY mbadilishe tu jina la kiwanda.